Jumatatu ya Makerere

Kikoni huamka kabla ya jua. Ni mtaa uliobanana chini ya kilima cha Makerere, upande wa magharibi, hosteli imeegemea hosteli, na saa kumi na moja alfajiri utasikia madumu yakigongana bombani, adhana ikifuatwa na adhana nyingine iliyochelewa kidogo, na redio ya jirani ikihubiri kwa Kiganda. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia joto la chumvi, kwa hiyo kilichonipokea Kampala kabla ya mtu yeyote ni baridi. Jiji liko karibu kabisa na ikweta, lakini limekaa mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Novemba mtu wa Pwani hutoka amevaa sweta, juu ya sweta kanga, juu ya kanga mkoba. Wenyeji hunitazama wakacheka kwa adabu. "Mugenyi," wanaambizana, mgeni huyo, halafu wanasogea nipite.

Nimekuja kusoma fasihi na uandishi wa kubuni kwenye chuo kilichofungua milango yake 1922. Hii ni habari ya siku moja tu, Jumatatu. Nimeichagua kwa sababu inaanzia kwenye chapati na kuishia Kamwokya, na katikati yake mtu anaweza kulowa, kukosolewa, kushiba na kunyewa na ndege bila kutoka nje ya Kampala.

Maji ya hosteli yetu yana hiari yao. Yakitaka kuja huja usiku wa manane, na anayesikia mlio wa bomba huwagongea wengine milango, hata kama jana yake walinuniana. Nimefahamiana na ghorofa nzima kwa njia hiyo, nikiwa na ndoo mkononi na usingizi machoni.

Halafu kifungua kinywa. Njia panda yetu ina kijana mwenye meza ya mbao, jiko la mkaa na kikaango bapa cha chuma. Huvunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, akakatia humo humo kitunguu, nyanya na kabichi kwa kisu chembamba, akatia chumvi kwa vidole, akapiga kwa uma huku akitazama kwingine kabisa. Mafuta, kisha mchanganyiko, kisha ule mlio. Yai likiwa bado bichi upande wa juu, chapati hulazwa juu yake ili vishikane. Hugeuzwa mara moja, huviringishwa, hufungwa kwenye kipande cha gazeti la juzi. Hiyo ndiyo rolex, isiyo na udugu wowote na saa ya mkononi, na wanafunzi wa mitaa hii huapa kwamba ilizaliwa kwao, pale Wandegeya. Watu wa Busoga nao wana madai yao. Mimi mgeni, sitii neno. Kwa yule ambaye fedha za nyumbani hazijafika kuna kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, shibe ya kutwa nzima.

Ila hapa hununui kitu kabla ya kusalimiana. "Wasuze otya, nnyabo?" kijana huuliza, umelalaje mama, na hata foleni iwe ndefu vipi hapokei hela mpaka ujibu. Najibu "Bulungi, ssebo," kwa lafudhi inayomfurahisha kila siku upya. Kisha naye hunilipa kwa Kiswahili chake: "Mama ya Tanzania, nitaweka pilipili ama hapana?" Binti wa duka la jirani hupiga goti akinisalimu, ndivyo alivyofunzwa kuwasalimu waliomzidi umri, na mimi niliyelelewa kwa shikamoo naona aibu yenye utamu ndani yake. Nimemwomba asipige goti. Amekataa.

Kutoka Kikoni kwenda chuoni ni kupanda. Udongo ni mwekundu, ule wekundu unaoingia kwenye mishono ya viatu na kukataa kutoka, na mvua ya usiku ikishaupitia njia nzima huteleza. Wenzangu wamenifundisha kutembea na ndala za kupandia, viatu vya darasani vikiwa mfukoni. Bodaboda hutupita wakipiga honi ndogo ya kubembeleza: "Tugende, nnyabo?" Twende? Nikitikisa kichwa hawakasiriki. Huuliza tena mita ishirini mbele, labda nimebadili mawazo.

Ukishapita geti harufu hubadilika. Moshi wa mkaa hubaki nyuma, huja harufu ya nyasi zilizofyekwa, majani mabichi, na kitu kingine kikali ambacho utakijua ukitazama juu. Kwenye miti mikubwa ya chuo wamekaa kaloli. Ni korongo wakubwa wenye upara uliojaa madoa, mdomo mnene, mfuko wa ngozi nyekundu unaoning'inia shingoni, na miguu iliyopakwa weupe wa kinyesi chao wenyewe. Husimama kwenye matawi na juu ya mapaa kama wazee wa baraza wanaosubiri posho ya kikao. Ni wabaya wa sura, sina namna ya kulisema hilo kwa upole. Lakini ngoja waruke. Jua likishapasha hewa hujitupa kutoka mtini, mabawa yakatandazika, na kiumbe kile kizito hupanda angani polepole bila kupiga bawa, kikazunguka juu ya Mulago na Bwaise hadi kikawa nukta. Mwalimu wetu husema mwandishi mgeni Kampala hutambulika kwa kuandika kuhusu kaloli ndani ya wiki ya kwanza. Basi na mimi nimeandika. Na kuhusu njia za chini ya miti yao, ushauri ni mmoja: tembea upesi, usisimame kupiga soga.

Njia hukufikisha Freedom Square, uwanja wa majani ambako wahitimu huvalishwa majoho, na mbele yake limesimama Jengo Kuu: kuta nyeupe, paa la vigae, mnara wenye saa. Lilijengwa 1941. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 2020 liliungua, paa likaporomoka na ofisi zikateketea, na picha za moto ule tuliziona hata sisi tuliokuwa mbali. Likajengwa upya kwa sura ile ile, likafunguliwa tena 2024, na asiyeambiwa hatajua. Mlinzi mmoja mtu mzima, niliposimama kulitazama, alinisogelea akaniambia kwamba siku ile alilia mbele za watu. Akanyamaza. Kisha akauliza kama nimeshakunywa chai, maana macho yangu yalikuwa ya mtu ambaye hajanywa chai.

Nakaa hapo kidogo kila Jumatatu kabla ya kipindi. Napenda kukumbuka kwamba chuo hiki kilianza na wanafunzi 14, wote wa kutwa, na walichofundishwa ni useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Randa na misumari ndivyo vilivyotangulia. Mashairi yalikuja baadaye. Mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London, 1963 kikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Wanawake wa kwanza waliingia 1945. Kabla ya hapo kaulimbiu ilikuwa inawahimiza wanafunzi wawe wanaume, na wanawake walipofika ilibidi itafutwe nyingine. Ndipo ikaja hii ya leo ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kila nikiiona kwenye nembo najitengeneza kanga begani na kuendelea na safari yangu.

Mtanzania hatembei hapa akiwa mgeni mtupu. Nyerere alisomea ualimu kwenye kilima hiki kuanzia 1943 hadi 1945, na akiwa mwanafunzi aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akiwa ameyasoma maandishi ya John Stuart Mill. Miaka mingi baadaye, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* kwa Kiswahili, 1963. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza hapa hapa, akamaliza 1962. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alijifunza uchoraji hapa, akaja kuufundisha. Ninapowatajia wenzangu majina haya huniambia, "Kumbe umerudi nyumbani," na wanasema kweli, ijapokuwa wananitania. Kilima kimeona mabaya pia. Mwaka 1972, chini ya Idi Amin, makamu wa mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa asionekane tena. Wazee wa hapa hulisema hilo kwa sauti ya chini hata leo, na wakishalisema huhamia habari nyingine.

Kipindi chetu cha uandishi ni saa nne. Tunakaa kwenye chumba chenye madirisha ya kufungua kwa nje, viti vya mbao vinavyolia, na ubao ambao chaki ya somo lililopita haijafutika vizuri. Mara nyingi tunaandika hadithi zetu chini ya mabaki ya takwimu za mtu mwingine. Tuko wachache. Yupo dada wa Gulu anayeandika kuhusu bibi yake, kijana wa Jinja anayeandika kuhusu mpira na pesa, mama mmoja wa Mbarara ambaye ni mwalimu wa sekondari na ndiye mkali kuliko sote, na kijana wa Sudan Kusini anayeandika kidogo sana lakini akisoma tunanyamaza.

Zoezi la kwanza tulilopewa lilikuwa la masikio. Nendeni Wandegeya, mwalimu alisema, simameni mahali pamoja nusu saa, mrudi na maneno ya watu tu. Hakuna mawingu, hakuna harufu, hakuna mlichohisi. Nilisimama karibu na kituo cha teksi, ambazo ndizo daladala za huku, nikaandika nilivyosikia: utingo akiita abiria, mama akimkemea mtoto kwa Kiganda na kumbembeleza kwa Kiingereza, wanaume wawili wakibishana kwa Kiswahili cha kambini juu ya bei ya tairi. Darasani mwalimu alisoma karatasi yangu, akatia duara kwenye sentensi moja ya utingo. "Hii hukuitunga," akasema. "Nyingine zote umezifua na kuzipiga pasi." Mama wa Mbarara aliitikia kwa kichwa. Nilikasirika kwa muda wa ngazi mbili hivi za kushuka, kisha nikaona wana haki.

Nilijua tangu Tanga kwamba suala la lugha lingenisubiri hapa. Juni 1962 Makerere ilikusanya waandishi wa Afrika: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot, na Langston Hughes kutoka Marekani. Mwanafunzi mmoja wa somo la Kiingereza aliyeitwa James Ngugi alimpa Achebe mswada wake auangalie. *Weep Not, Child* ikatoka 1964, na mwanafunzi huyo akaja kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Ni hadithi nzuri na kilima kinaisimulia kwa haki. Lakini mkutano ule ulikuwa wa waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert wetu, mwenye diwani na riwaya zake zote, hakuwa na kiti, na mwezi huo huo wa Juni alifariki. Ngũgĩ mwenyewe alilikumbusha jambo hilo baadaye alipogeuka na kuanza kuandika kwa Kikuyu. Mtu anayetoka Tanga, ambako Shaaban Robert alizaliwa na kufanyia kazi, hawezi kupita kwenye vyumba hivi bila kuligusa kidonda hilo walau kwa kidole.

Siku nilipolisema darasani nilitegemea ubishi. Mwalimu alivuta kiti akakaa, akatukumbusha kwamba Okot p'Bitek, kabla ya kuuleta *Song of Lawino* kwa Kiingereza mwaka 1966, alikuwa ameutunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akajitafsiri mwenyewe. Na Okot huyo huyo alirudi Makerere 1982 kufundisha uandishi wa kubuni, akafariki Julai ya mwaka ule ule. Dada wa Gulu alikaa wima. Huyo ni mtu wa kwao. "Basi," mwalimu akanigeukia, "wewe andika kwanza kwa Kiswahili, tafsiri ije baadaye. Tutakusahihisha kotekote." Tangu hapo kazi zangu huwa mbili mbili, na kijana wa Sudan Kusini, ambaye Kiswahili amekiokota njiani, husoma zile za Kiswahili na kuandika pembeni kwa penseli: hapa nimecheka.

Saa saba njaa ya Kampala haina mzaha. Tunashuka kwenye kibanda cha mabati nje ya geti, mama mpishi amevaa aproni juu ya gomesi, na masufuria yake yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Anauliza swali moja: "Emmere ki?" Chakula gani? Ukijibu "yonna," chote, unapewa matoke yaliyopondwa na bado yanafuka moshi, wali, posho ambayo kwetu ni ugali, kiazi kitamu, kipande cha boga na kipande cha muhogo, vyote kwenye sahani moja, na juu yake mchuzi wa karanga wa rangi ya zambarau iliyopauka, ambao huku huitwa binyebwa. Kwetu wali na ugali havikutani sahani moja isipokuwa kwa dharura. Hapa havigombani kabisa. Matoke yenyewe hayana haja ya nazi, nakiri mbele ya ndugu zangu wa Pwani. Jani la mgomba limeyatia harufu ambayo sufuria tupu haitoi. Siku mama akipika luwombo, kuku aliyefungwa ndani ya jani na kuivishwa kwa mvuke, habari hufika darasani kabla ya saa tano na kipindi huanza kulegea.

Mchana ni wa maktaba. Kuna sehemu inayotunza vitabu vya Afrika ambako husomi bila kuandikisha jina, na huko nimeomba kuona *Penpoint*, jarida la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza lililoanza 1958 na kuchapisha kazi za mwanzo mwanzo za Ngũgĩ. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Unasoma hadithi za vijana wa miaka ile na kugundua kwamba nyingine ni za kawaida tu. Nasema hivi kwa furaha. Mkutubi aliponiona nikicheka peke yangu aliuliza kuna nini, nikamsomea mstari mmoja uliojaa vivumishi, akacheka pia, akaniletea toleo lingine.

Mvua ya alasiri haigongi mlango. Jua linakuwa kali, upepo unapita na harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani mbali, na kabla hujafunga daftari mabati yote ya bonde yananguruma. Siku hiyo ilinikuta nikitoka kwenye jumba la sanaa la chuo, pale shule yenye jina la Margaret Trowell, nikakimbilia baraza ya kwanza niliyoiona. Tulikuwa watu kumi na kitu hapo: waendesha boda, muuza maembe, mhadhiri aliyejikinga na faili kichwani, wanafunzi wa sayansi wenye makoti meupe. Hakuna aliyelaumu. Muuza maembe alikata moja, akagawa vipande kwa aliokuwa karibu nao, bila kuuliza nani atalipa. Mhadhiri alikuwa na kikao. Alipiga simu, akasema neno moja tu, "mvua," na upande wa pili wakaelewa. Ukitaka kuwajua watu wa Kampala usiende kwenye hoteli zao. Subiri mvua, tafuta baraza.

Maji yalipopungua niliteremka Wandegeya, nikiruka madimbwi. Jioni mahali hapa hakuna pa kuweka mguu. Kuku huzunguka kwenye vyuma mbele ya moto nyuma ya vioo, gonja, yaani ndizi tamu, huchomwa pembeni ya barabara hadi zitoke michirizi ya sukari iliyoungua, nyama ya muchomo hutiwa chumvi ikiwa bado kwenye kijiti. Na kwa kuwa ni Novemba kuna nsenene, wale panzi wa kuliwa. Wanawake wamekaa wamezungukwa na beseni, vidole vyao vinakwenda mbio kunyofoa mbawa na miguu, na karai liko tayari, kitunguu, chumvi, mafuta kidogo, maana wadudu wenyewe wana mafuta yao. Kwetu huitwa senene, na Wahaya wa Bukoba huwatuma hadi Dar es Salaam kwa ndugu, kwa hiyo si kwamba sikuwahi kuwasikia. Kuwaweka mdomoni ndiyo habari nyingine. Wanavunjika kwa mlio mdogo, halafu mdomo unajaa ladha iliyo kati ya dagaa na karanga, na mkono unarudi wenyewe kwenye kikombe. Kijana wa Jinja alinisindikiza. Rafiki yake wa ukoo wa Nsenene alikuwa nasi lakini hakula, maana Mganda wa ukoo huo hali mwiko wake. Yeye alisimama pembeni kwa heshima, akituangalia tunavyowatafuna jamaa zake.

Mama aliyetuuzia alisikia Kiswahili changu, akaacha kunyofoa. "Wewe wa Tanzania?" Nikasema ndiyo, mama. Nilijiandaa, kwa sababu hapa Kiswahili kina historia yake. Kwa wazee wengi kilikuwa lugha ya askari, na askari wa miaka ile hawakugonga hodi. Yeye akasema, "Bakombozi." Ndivyo walivyoitwa wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979. Alikuwa msichana mdogo, akasema, na mmoja wao alikuwa akipita kwao kuomba maji ya kunywa, akiomba, akasisitiza, haamrishi. Kisha akachota nsenene wengine, akajaza kikombe changu hadi wakamwagika, akakataa hela ya nyongeza. Mimi mwaka huo sikuwa nimezaliwa. Nilipokea kwa mikono miwili, maana hiyo shukrani haikuwa yangu na hapakuwa na mwingine wa kuipokea.

Kutoka Wandegeya kwenda Kamwokya saa kumi na mbili jioni, gari ni kujitafutia adhabu. Foleni imekaza pande zote, teksi nyeupe zenye mstari wa bluu zimegusana vioo, trafiki anapiga filimbi ambayo haimhusu mtu. Nikapanda boda. Dereva wangu alikuwa mzee wa makamo, amevaa koti la mvua nyuma mbele ili kifua kisipate baridi, na alijipenyeza mahali ambapo hata paka angefikiri mara mbili. Njia nzima aliniuliza maswali: unasoma nini, uandishi wa nini, wa magazeti? Wa hadithi, nikasema. Alinyamaza mpaka taa za barabarani, kisha akasema yeye anazo hadithi tatu na kwamba ya pili ni ya kweli. Alinisimulia ya kwanza tu, foleni iliisha.

Kamwokya, pembeni ya Kira Road, ndiyo nyumbani kwa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza katikati ya miaka ya 1990, mwanzilishi wake akiwa Mary Karooro Okurut, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi pale pale Makerere. Jumatatu jioni ni klabu ya wasomaji na waandishi, na mlango uko wazi, wanaume wakiwemo. Unaingia, unasalimia kila mtu, unapewa kiti cha plastiki. Mtu husoma kazi yake, kisha hukaa kimya huku wengine wakiichambua. Kule kukaa kimya ndiko kugumu. Jumatatu hiyo aliyesoma alikuwa kijana wa benki, suti bado mwilini, tai ameilegeza, na hadithi yake ilihusu mazishi ya kijijini. Wakambana. Kwa nini mjane hasemi chochote kurasa tatu? Huyo ng'ombe alichinjwa saa ngapi, maana asubuhi tumemwona hai na mchana bado anatembea? Kijana akaandika, akaandika, na mwishowe akacheka mwenyewe juu ya ng'ombe wake.

Kisha wakanigeukia. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa amesikia kutoka kwa mtu wa darasani kwetu kwamba kuna Mtanzania anayeandika kwa Kiswahili. Akataka kusikia. Nilisoma aya mbili za shangazi wa Chumbageni, kule Tanga, anayempigia simu mtoto wake aliye Kampala. Nusu ya chumba ilifuata, nusu ilifuata nyuso za ile nusu nyingine, na palipokuja kicheko kilianzia upande mmoja kikavuka kwenda wa pili kikiwa kimechelewa. Ubishi ukazuka papo hapo. Mmoja akasema Waganda wajifunze, mitihani ya watoto wao inakuja na Kiswahili sasa. Mwingine akasema lugha haiingii kwa mtihani, iletwe kwa hadithi. Wa tatu, kwa Kiganda kilichonipita juu ya kichwa, akasema jambo lililowaangusha wote kwa kicheko na hakuna aliyekubali kunifasiria.

Chai ililetwa, ya maziwa na tangawizi. Mama mwenye miwani alifungua daftari la zamu, akaandika jina langu kwa herufi kubwa kwenye Jumatatu ijayo, akaniamuru nilete kurasa tano za shangazi huyo, na nakala za kutosha, Kiingereza upande wa nyuma. Halafu akauliza nani anaelekea Kikoni, mvua ilikuwa inarudi.